Mzee wangu hataki tena kusikia ushauri wa chakula. Tuiamini sayansi ya lishe kwa kiasi gani?

MtotoWaMwisho

Wakuu, habari za leo. Nina jambo linanisumbua na nimeona nililete hapa, maana nyumbani tumelizungumza mpaka tumeishia kununiana.

Baba yangu ana miaka 67. Nilipokuwa naanza shule alipimwa akaambiwa lehemu (kolesteroli) kwenye damu iko juu, na aliyempima akamwambia aachane na kiini cha yai. Baba ni mtu wa kushika neno. Tangu siku ile, kila asubuhi iliyokuwa na yai la kuchemsha, analipasua katikati, anakitoa kiini kwa ncha ya kijiko, taratibu asikivunje, kisha ananisogezea kwenye sahani yangu. Kwake kinabaki kile cheupe, na shimo lake katikati. Anatia chumvi, anakula. Mimi nimekua nikila viini viwili, changu na cha baba, na kwa muda mrefu nilidhani watoto wote wanakula hivyo.

Mwaka jana alikwenda kliniki ya presha. Daktari kijana, mpole, akamwambia: mzee, yai moja kwa siku halina shida kwako, kula na kiini chake, shida yetu kubwa wewe ni chumvi. Baba akamuuliza, "Tangu lini?" Akaelezwa kwamba mwongozo umebadilika siku nyingi.

Alirudi nyumbani kimya. Jioni, tukiwa tunakula, akasema: "Miaka 26 nimekula yai nusu." Tulidhani anatania, tukacheka. Hakuwa anatania.

Sasa presha yake inacheza kwenye 160 kwa 100. Dawa anameza, lakini habari ya chumvi hataki kuisikia. Anainyunyiza kabla hata hajaonja. Ukimgusia anakujibu, "Na hiyo chumvi ipeni miaka kumi, watakuja kusema haina neno." Mimi sina la kumjibu, kwa sababu nikiingia mtandaoni nakuta mambo yaleyale: leo kahawa inaua, kesho kahawa inaongeza umri, mafuta yalikuwa adui, sasa adui ni sukari.

Swali langu si la ubishi. Nataka kujua kama kuna namna mtu wa kawaida anaweza kutofautisha lile la yai na hili la chumvi. Au baba ana haki ya kuyatupa yote kapu moja?

Nyundo

Mzee yuko sahihi, mwacheni ale. Hawa watu wananunuliwa.

Mwaka 1967 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha mapitio ya watafiti wa Harvard, yakaelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuifutia sukari makosa. Waliolipia kazi hiyo ni taasisi ya wenye viwanda vya sukari, dola 6,500 za wakati ule, na msomaji hakuambiwa. Imekuja kujulikana 2016, barua zao zilipofukuliwa kwenye kumbukumbu. Karibu miaka 50 dunia nzima inakula kwa maandishi ya mtu aliyelipwa.

Mama yangu naye kuna mtu aliyevaa koti jeupe alimuuzia makopo ya virutubisho, akamwonyesha na karatasi ya utafiti. Aliyatumia miezi minane, na pesa ya matibabu ya macho ikaishia humo. Tangu hapo habari yoyote ya chakula yenye neno "utafiti" naipita.

MdadisiMstaafu

MtotoWaMwisho, pole na mzee. Miaka 26 ya kutoa kiini si mchezo, hasira yake naielewa kabisa. Nyundo nitakurudia, maana ulilosema kuhusu 1967 ni kweli.

Mimi nilikuwa mdadisi. Kwa miaka minne nimezunguka nyumba hadi nyumba nikihoji watu kwa ajili ya utafiti wa lishe, mkoba begani na dodoso mkononi. Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu wengi wanaozibishania tafiti hizi hawajawahi kulishika dodoso.

Lilikuwa na vyakula zaidi ya 100. Kila kimoja unauliza: kwa mwaka mmoja uliopita, ulikula hiki mara ngapi? Majibu yamepangwa tayari kwenye visanduku: sikula kabisa, mara 1 hadi 3 kwa mwezi, mara moja kwa wiki, mara 2 hadi 4 kwa wiki, hivyo hivyo mpaka mara 6 kwa siku. Namkumbuka mama mmoja tulipofika kwenye karoti, nusu kikombe. Akauliza, "Karoti peke yake, au na zile za ndani ya chakula?" Nikamwambia zote. Akatazama dari. Akatazama kalamu yangu. "Andika mara mbili kwa wiki." Sauti ya mume ikatoka chumba cha pili: "Mara mbili, ya wapi hiyo?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi weka mara moja."

Nikaweka mara moja. Jibu hilo likaingia kwenye kompyuta pamoja na ya maelfu ya wengine, likatoka huko limekuwa gramu za karoti kwa siku, na nukta ya desimali juu. Na yule mama alikuwa mkweli. Tukifika kwenye vinywaji vitamu na pombe, ndipo sauti za watu zinashuka. Kuna kipimo cha kumnywesha mtu maji yenye alama maalumu na kujua mwili wake umetumia nguvu kiasi gani, na kila kilipolinganishwa na maelezo ya watu, wengi wamekutwa wanataja pungufu ya wanachokula.

Sisemi dodoso ni takataka. Kuuliza watu na kuwafuatilia ndiko kulikoikamata sigara kwa saratani ya mapafu. Ila pale mvutaji hatari yake ilikuwa mara 10 na zaidi ya asiyevuta. Jambo kubwa namna hiyo linaonekana hata kwa kioo chenye ukungu. Kwenye chakula tofauti nyingi ni za asilimia 10, 15, 20, na tofauti ya asilimia 15 inaweza kabisa kuwa imetoka kwenye ile dari.

Tena hata majibu yakiwa sahihi, wanaokula mboga nyingi ndio haohao wanaofanya mazoezi, hawavuti, wanalala vizuri na wana pesa ya daktari. Utajuaje ni mboga iliyowasaidia? Hili liliwahi kugharimu maisha. Tafiti za kuuliza zilionyesha kwamba wenye beta-karotini nyingi, ile rangi ya karoti, wanapata saratani ya mapafu kwa uchache. Ikaonekana basi tuiweke kwenye kidonge. Finland wakachukua wanaume wavutaji 29,133 wa miaka 50 hadi 69, wakawagawa kwa kura: hawa wapewe kidonge chenyewe, hawa kisicho na kitu. Majibu yalitoka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Utafiti wa Marekani uliokuwa ukiendelea na kidonge hichohicho ulisimamishwa kabla ya wakati, nao ulikuwa unaelekea kulekule.

Kwa hiyo siku hizi nikikutana na habari ya chakula naiuliza swali moja: watu hawa waliulizwa, au walilishwa?

Kuulizwa ni kama mimi na yule mama. Kulishwa ni pale mtafiti anapokigusa chakula chenyewe. Mwaka 2019 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani iliwaweka watu 20 ndani ya kituo chake kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vile vya kawaida visivyosindikwa, na milo ilipangwa iwe sawa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Wakaambiwa kula unavyotaka, na kilichobaki kwenye sahani kikapimwa. Kwenye vilivyosindikwa walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Hapo hakuna kukumbuka, hakuna mume chumba cha pili. Lakini tazama na bei yake: watu 20 tu, mwezi mmoja tu. Huwezi kumfungia mtu ndani miaka 20 usubiri augue moyo. Ndiyo maana taaluma hii inasuasua kuliko nyingine. Vipimo safi ni vifupi, na vile virefu vina ukungu, hata wachapakazi wake wawe waaminifu namna gani.

Sasa yai la mzee. Kwamba lehemu ikizidi kwenye damu inaharibu mishipa, hilo limethibitishwa kwa kila njia. Kwamba kiini kina lehemu nyingi, karibu miligramu 190, hilo linapimwa maabara. Wakayaunganisha: basi kiini kinaharibu mishipa. Mwaka 1968 chama cha moyo cha Marekani kikashauri lehemu ya chakula isizidi miligramu 300 kwa siku na viini visizidi vitatu kwa wiki, na dunia ikafuata. Kumbe kati ya lehemu ya sahani na lehemu ya damu pana ini. Ini hutengeneza lehemu yake lenyewe, nyingi kuliko tunayokula, na kwa watu wengi ukila zaidi lenyewe linapunguza. Mafuta magumu ya nyama na siagi yanaipandisha ya damu kuliko kiini. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 ukaiondoa ile 300. (Wapo ambao kwao yai linapandisha kweli, na mwenye kisukari amsikilize daktari wake.) Mzee hakudanganywa kwa makusudi. Alipewa hesabu ambayo hatua yake ya katikati ilikuwa ya kukisia.

Chumvi haikupita njia hiyo. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya watu 412 waliopikiwa chakula chao chote, kwa viwango vitatu vya chumvi, siku 30 kila kiwango. Kila kiwango kiliposhuka presha ilishuka, na kwa wenye presha ya juu ilishuka zaidi. Na hawakuishia kwenye namba za presha. China, vijiji 600, watu 20,995, nusu ya vijiji ikapewa chumvi ambayo robo yake imebadilishwa kuwa kloridi ya potasiamu (chumvi ya aina nyingine), nusu ikaendelea na ya kawaida. Walioingizwa ni watu waliowahi kupata kiharusi, au wenye miaka 60 na zaidi wakiwa na presha isiyotulia. Rudia kusoma hapo: miaka 60 na zaidi, presha haijatulia. Ni mzee wako. Majibu yalitoka 2021, baada ya karibu miaka mitano, kiharusi kikiwa kimepungua kwa asilimia 14.

Bado wanabishana kama ni vema kushuka mpaka chini kabisa. Lakini mtu mwenye 160 kwa 100 anayenyunyiza kabla ya kuonja hayuko kwenye ubishi huo.

Nyundo, kuhusu kununuliwa. Waliozifukua zile barua 2016 nao ni watafiti. Na mwaka 1990 Waholanzi wawili waliwalisha watu mafuta ya transi, yale ya mimea yanayogandishwa kiwandani kwa hidrojeni, wakaonyesha yanapandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri, wakati ule yakiwa yamejaa kwenye biskuti na majarini duniani kote. Viwanda havikufurahi. Denmark ikayawekea kikomo 2003, na 2018 Shirika la Afya Duniani likaitisha yaondolewe kila mahali. Kilichompata mama yako kinauma, na yule mtu wa koti jeupe ninamchukia bila kumjua. Lakini tukipita kila chenye neno "utafiti", tungekuwa bado tunakula mafuta yale.

Mama Pacha

Ndugu Mdadisi umeeleza vizuri, ila kuna sehemu umeipita haraka mno. Umesema mzee "alipewa hesabu ya kukisia." Je, aliambiwa kwamba ni ya kukisia? Hapo ndipo ninapoumia mimi.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na ukurutu, mashavu mekundu, anajikuna usiku kucha. Nikaambiwa karanga asiguse mpaka atimize miaka mitatu, asije akapata mzio. Ndiyo ulikuwa ushauri, madaktari wa watoto wa Marekani waliutoa mwaka 2000 kwa watoto walio kwenye hatari, na wengi wakaufuata. Nikawa mkali. Niliondoa kila kitu chenye karanga nyumbani, nikasoma maandishi madogo ya kila pakiti, na wageni nikawa nawauliza mikono wamenawa? Alipofika miaka mitatu na miezi minne nikampa kidogo, ncha ya kijiko. Midomo ikavimba, akaanza kukoroma kama mtu aliyekabwa. Tulifika hospitali nimembeba begani, na sauti ile ya pumzi yake sijaisahau.

Mwaka 2008 ushauri ule ukaondolewa, kwa kuwa hakuna kilichoonyesha unafaa. Watafiti walikuwa wameshagundua kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza wana mzio wa karanga karibu mara kumi ya wale wa Israeli, ambako watoto huanza kula karanga wakiwa wachanga. Hapo ndipo wakafanya hilo unalolisema, wakalisha. Watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, miezi 4 hadi 11, nusu wakapewa karanga mara kwa mara, nusu wakazuiwa. Mwaka 2015 wakatoa majibu: kufika miaka mitano, waliokula walikuwa na mzio kwa asilimia 81 pungufu ya waliozuiwa.

Yaani nilichofanya kwa bidii yote kumkinga huenda ndicho kilichomfikisha pale. Sitajua kamwe kwa mtoto mmoja, na nimejifunza kulala na hilo.

Pacha wangu walipozaliwa, daktari aliwapima kwanza, halafu tukawaanzishia karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa kwenye uji, mbele yake, wakiwa na miezi sita. (Nzima nzima usimpe mtoto mdogo, itamkaba.) Wanakula mpaka leo.

Sikuitupa sayansi, maana ndiyo iliyowaokoa pacha. Ninachodai ni sauti. Aliyeniambia nizuie karanga alitumia sauti ileile aliyotumia kuniambia nimeze foliki asidi kabla sijashika mimba ili mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Foliki imepimwa kwa kura, 1991, wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hilo, na hatari ya kurudia ikapungua kwa asilimia 72. La karanga lilikuwa wazo tu. Angeniambia, "Mama, hili la kwanza tunalijua, hili la pili tunabahatisha," ningechagua na macho yangu wazi, na leo nisingekuwa na hasira. MtotoWaMwisho, nadhani baba yako hasira yake ni hiyohiyo. Yai ni kisa tu.

Nyundo

Mama Pacha, pole sana. Hili la kwako limenikalisha.

Mdadisi, nakubali la mafuta ya transi. Lakini asilimia 14 ya kiharusi, si ndiyo zile asilimia za kutisha watu? Nilishasoma kwamba nyama ya kusindika inaongeza saratani ya utumbo asilimia 18, watu wakapiga kelele, kumbe kwenye nchi ambako saratani hiyo ni ya kawaida ni kama kutoka watu 6 kati ya 100 kwenda 7 kwa maisha yote. Hizi 14 nazo ni ngapi kwa watu wa kuhesabika?

Nesi wa Zamu

Swali zuri, na hesabu yake ipo. Kwenye vile vijiji vya China, kati ya watu 1,000 kwa mwaka mmoja, wenye chumvi ya kawaida walipata kiharusi wapatao 34. Wenye chumvi iliyobadilishwa, 29. Ni watano kila mwaka kwa kila elfu moja. Ukitaka kusema ni wachache, sawa. Mimi niko wodi wanakoletwa hao watano. Nimemlisha kwa kijiko mzee aliyekuwa fundi, mkono wake wa kulia umelala kitandani kama si wake, anaangalia kila kijiko kinapokuja. Kwangu watano si wachache, hasa kwa kitu cha kubadilisha kikopo cha chumvi.

Ila MtotoWaMwisho, tafadhali usikimbilie kununua chumvi ya potasiamu kabla hamjapima figo. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu inajikusanya kwenye damu na inaweza kuuchanganya mpigo wa moyo, hata kuusimamisha. Na baadhi ya dawa za presha zenyewe huzuia potasiamu isitoke. Kwenye utafiti ule wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa. Beba vidonge vyake vyote uende navyo kliniki, uliza wazi: figo zikoje, na kati ya hivi kipo kinachobakisha potasiamu? Ukijibiwa ndipo uamue.

Kupunguza chumvi ya kawaida hakuhitaji kusubiri kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani haifiki kijiko cha chai kilichojaa, na hapo ni pamoja na iliyomo ndani ya mkate na vya pakiti. Usimkatie ghafla, atakasirika na atakuwa na haki. Punguza kwenye sufuria kidogo kidogo. Ulimi unazoea baada ya wiki kadhaa, nimeona kwa wagonjwa wengi wanaorudi wakisema chakula cha zamani sasa kinawachoma. Kikopo kitoke mezani kikae kabatini, akikitaka ainuke. Na mumpimie presha nyumbani, muda uleule kila siku, aandike namba kwa mkono wake mwenyewe. Wazee wengi wanaibishia familia, lakini namba walizoandika wenyewe hawazibishii.

Dawa asiache hata siku moja kwa sababu ya mambo haya.

MtotoWaMwisho

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Asanteni kwa uzito mliolipa swali langu.

Sikuanza na chumvi. Nilianza na alilosema Mama Pacha. Nilimwambia baba: lile la kiini walikuwa wanakisia na hawakukwambia kwamba wanakisia, na hilo lilikuwa kosa lao. Alikaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anasubiri mtu amwambie hivyo tangu mwaka jana, na sisi tulikuwa tunamwambia "lakini baba, sayansi ndivyo ilivyo."

Halafu nikamsomea habari ya vijiji 600. Akanisimamisha. "Hao waliwauliza, au waliwapa chumvi yenyewe?" Wallahi sikuwa nimemweleza neno la Mdadisi, alifika mwenyewe. Nikasema waliwapa yenyewe, miaka karibu mitano. "Na wazee walikuwemo?" Walikuwemo, baba, wa umri wako. Akaomba nimsomee tena.

Hajaacha chumvi. Amekubali mambo mawili: anaonja kwanza, na daftari la presha anaandika yeye. Leo asubuhi ameandika 148 kwa 92. Najua siku moja si kitu, na dawa pia imeongezwa, kwa hiyo sitasema ni chumvi. Kipimo cha figo ni Alhamisi, vidonge vyote nimeviweka kwenye mfuko karibu na mlango.

Na asubuhi hii kulikuwa na mayai. Akapasua la kwake, kijiko kikaingia kama siku zote, kiini kikatoka kizima, mkono ukaanza kuja upande wangu. Akausimamisha njiani. Nikasogeza sahani yangu mbali, akacheka kidogo, akakirudisha na kukila kwa mara moja. Kisha akaonja kile cheupe, akainuka kwenda kabatini, akarudi na kikopo, akatia kidogo.